Je, Aliyeuza Mapema Alipata au Alikosa? Somo la Hisabati kwa Madarasa ya Juu

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa shule ya msingi huulizwa na wanafunzi wake, na pengine hata na wazazi wao, ni machache yanayoonekana mepesi kama hili: "Fulani aliuza mali yake alipoona dalili kwamba bei itaanguka. Je, alipata au alikosa?" Wengi wetu hujibu papo hapo. Tunaitazama bei ya leo, tunaitoa bei aliyouzia, na hukumu imekwisha. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba njia hiyo ya mkato hupotosha. Kwamba hesabu ya kweli haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita au la saba. Na kwamba mwalimu mwanafunzi hana budi kuielewa kabla hajaandika bei ya zao lolote ubaoni.

Tukio lililotufundisha

Tuanze na kosa letu wenyewe. Siku moja tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijiji, nje kidogo ya mji wa Tabora. Somo lilikuwa faida na hasara. Mwalimu mwanafunzi, kwa nia njema ya kuihusisha hisabati na maisha, aliwataka wanafunzi watoe mifano ya nyumbani. Mvulana mmoja akasimama, akaeleza kwamba mwezi wa Juni baba yake aliuza magunia 10 ya mahindi yaliyozidi chakula cha nyumbani. Aliuza kwa sababu malori ya wanunuzi yalikuja machache, naye alisadiki kwamba hiyo ni dalili ya bei kuanguka. Gunia lilimpa shilingi 40,000. Ilipofika Januari, gunia liliuzwa shilingi 70,000.

Mwalimu akaandika ubaoni: 70,000 kutoa 40,000 ni 30,000, mara 10 ni 300,000. Akapiga mstari chini yake na kuandika neno HASARA. Darasa likacheka. Mvulana akaketi, wala hakunyoosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma tulimpa mwalimu alama nzuri. Zana zake zilitosha, sauti ilisikika, mfano ulitoka katika mazingira. Jioni tulipokuwa tukisoma tena maandishi yetu ndipo tulipong'amua kwamba utoaji ulikuwa sahihi lakini hesabu ilikuwa batili. Mtoto alikuwa amefedheheshwa kwa jambo ambalo hakuna mtu darasani aliyelipima, nasi tuliliidhinisha.

Swali la kwanza: badala ya kufanya nini?

Kosa la msingi ni kuilinganisha bei na bei. Anayeuza Juni haachi nyuma yake bei ya Januari. Anaacha nyuma yake safari nzima ya kungoja mpaka Januari. Kwa hiyo swali la haki si "Bei imekuwa ngapi?" bali ni "Kama asingeuza, leo angekuwa na nini mkononi?" Mwalimu na aliandike swali hilo juu kabisa ya ubao, kisha awaache wanafunzi wayataje yote yanayompata mtu anayengoja.

Wanafunzi wa mkoa wa Tabora hawahitaji kudokezwa sana. Watamtaja dumuzi. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika katika mkoa huuhuu wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka hapa akaenea katika nchi nyingi. Hutoboa punje za mahindi na kuzigeuza unga mkavu, na mwenye kihenge anaweza kufungua ghala lake akakuta mapumba. Mkulima anayesubiri bei nzuri anasubiri pamoja na dumuzi.

Basi tuchukue tarakimu za mfano kwa ajili ya ubao. Tuseme kwamba kati ya magunia 10 yaliyongojwa, 2 yangeliwa na wadudu. Yanabaki 8, na 8 mara 70,000 ni shilingi 560,000. Dawa ya kuhifadhia nafaka na magunia mapya tuyakadirie kuwa shilingi 30,000. Zinabaki 530,000. Ile hasara ya 300,000 imekwisha kupungua kabla hatujafika mbali.

Swali la pili: fedha ilikwenda wapi?

Fedha iliyopatikana Juni hailali. Aghalabu mkulima ana deni la pembejeo au la ugonjwa, na deni nalo hukua. Tuseme baba wa mfano wetu alidaiwa shilingi 150,000, ambazo kama zisingelipwa Juni zingekuwa 210,000 ifikapo Januari. Tuseme pia kwamba fedha iliyobaki alinunulia mbuzi.

Hesabu sasa iandikwe katika safu mbili, mkono wa kushoto "Aliyeuza", mkono wa kulia "Aliyengoja".

Safu ya aliyeuza: alipata 400,000, akalipa deni la 150,000, zikabaki 250,000. Alinunua mbuzi 5 kwa shilingi 50,000 kila mmoja. Mmoja alikufa, wawili wakazaliwa, na ilipofika Januari kundi zima lilikuwa na thamani ya shilingi 290,000.

Safu ya aliyengoja: alipata 530,000 baada ya kuondoa gharama; akalipa deni ambalo sasa ni 210,000; zikabaki 320,000.

Tofauti ni shilingi 30,000. Ndiyo, aliyengoja amemshinda aliyeuza. Hatuna haja ya kumficha mwanafunzi ukweli huo ili kumliwaza. Lakini tofauti ni sehemu moja ya kumi tu ya ile iliyopigiwa mstari ubaoni. Mtu aliyepungukiwa na 30,000 na mtu aliyepoteza 300,000 hawastahili kicheko kimoja. Na kama dumuzi wangekula gunia moja zaidi, aliyeuza ndiye angeongoza kwa shilingi 40,000.

Hapa mwalimu awakumbushe wanafunzi jambo moja. Mfano wetu umeyahesabu mahindi yaliyozidi chakula. Aliyeuza hata chakula cha nyumbani kisha akalazimika kununua tena Januari, hana budi kuiingiza bei ya kununulia katika safu yake. Kuuza ni nusu ya uamuzi; nusu ya pili ni lini na kwa bei gani utarudi.

Swali la tatu: kipimo kinapimwa tarehe gani?

Katika mfano wetu tumepima Januari. Kwa nini Januari? Kama tungepima Septemba, au Mei mavuno mapya yanapokaribia, jibu lingeweza kuwa jingine. Mtu anayetaka kumsifu muuzaji atachagua mwezi ambao bei ilikuwa chini, na anayetaka kumcheka atachagua mwezi ambao bei ilikuwa juu. Wote wawili watakuwa na tarakimu za kweli. Kwa hiyo yafaa tarehe ya kupimia iwekwe kabla, siku ileile ya kuuza, nayo itokane na haja ya mwenye mali: siku ya kulipa deni, siku ya kununua mbegu, siku ya kumpeleka mtoto sekondari.

Jambo hili linaonekana waziwazi katika biashara ya hisa, ambayo walimu wengi siku hizi wanaisikia, maana Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Mfano ulio bora zaidi, hata hivyo, tunaupata kwa jirani zetu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliwauzia wananchi sehemu ya hisa zake katika kampuni ya simu ya Safaricom, kwa shilingi 5 za Kenya kila hisa. Watu wengi mno walijitokeza, baadhi yao wakiwa hawajawahi kununua hisa maishani. Hisa hizo zilipoanza kuuzwa katika soko la Nairobi mwezi wa Juni mwaka huohuo, bei ilipita shilingi 7.

Tumfikirie mtu aliyeona msongamano ule wa wanunuzi, akauhesabu kuwa dalili kwamba bei imepita kiasi, akauza kwa shilingi 7. Mwaka 2009 bei ilishuka chini ya shilingi 3. Ukimpima hapo, ni mwenye hekima. Mwaka 2021 bei ilipanda kupita shilingi 40, mbali na gawio ambalo wenye hisa walikuwa wakilipwa mwaka hadi mwaka. Ukimpima hapo, ni mwenye majuto. Mwaka 2023 bei ilishuka tena chini ya shilingi 20. Uamuzi ni uleule mmoja, siku ileile moja. Hukumu zinabadilika kwa kuwa mpimaji amehamisha alama ya mwisho wa mbio.

Na lile swali la pili halijaondoka. Kama muuzaji huyo alizirudia hisa zilipofika shilingi 3, ana hesabu yake. Kama alinunua kiwanja, ana hesabu nyingine. Kama alikuwa amekopa fedha za kununulia hisa, na kwa kuuza akajitoa katika deni, hesabu yake ni ya tatu. Bei pekee haitatuambia.

Swali la nne: dalili imesema mara ngapi?

Mpaka hapa tumempima mtu. Sasa tuipime dalili yenyewe, kwani hapo ndipo watu wazima hukosea kuliko watoto. Dalili ikisadifu mara moja, husimuliwa kijiji kizima. Ikikosea mara tano, husahauliwa. Dawa ya maradhi haya ni daftari. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme mkulima wetu ameandika kwa miaka 10. Katika miaka 6 dalili ya malori machache ilionekana, naye akauza Juni. Kwa kila mwaka ameandika tofauti kati ya kuuza na kungoja, gharama zote zikiwa zimehesabiwa: alizidisha 50,000; alipungukiwa 30,000; alipungukiwa 20,000; alizidisha 90,000; alipungukiwa 40,000; alipungukiwa 10,000.

Waulize wanafunzi: dalili ilisema kweli mara ngapi? Mara 2 kati ya 6. Wengi watasema kwamba dalili haifai. Kisha wajumlishe: 50,000 na 90,000 ni 140,000, upande wa pili 30,000, 20,000, 40,000 na 10,000 ni 100,000. Amezidisha 40,000. Hapo watageuka na kusema dalili inafaa. Hili ni funzo kubwa kwa mtoto: kuhesabu mara za kupatia si sawa na kuhesabu kiasi kilichopatikana.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Awaulize: "Na ile miaka 4 ambayo dalili haikuonekana, naye akangoja, ingekuwaje kama angeuza?" Tuseme daftari linaonyesha kwamba mwaka mmoja angezidisha 60,000, mwingine angepungukiwa 50,000, mwingine angezidisha 20,000, na mwingine angepungukiwa 10,000. Jumla ni kuzidisha 20,000.

Sasa tutafute wastani. Miaka yenye dalili: 40,000 kugawa kwa 6 ni karibu 6,667 kwa mwaka. Miaka isiyo na dalili: 20,000 kugawa kwa 4 ni 5,000 kwa mwaka. Tofauti ni ndogo sana. Tena, kama mkulima huyu angeuza kila Juni bila kutazama lori hata moja, angezidisha 60,000 kwa miaka yote 10, ambapo kwa kuifuata dalili alizidisha 40,000 tu. Faida aliyokuwa akiidhania ya dalili ilikuwa faida ya kuuza mapema, kwa sababu ya dumuzi na deni. Malori hayakumwongezea kitu.

Mwisho wa zoezi, mwanafunzi mwerevu anaweza kuufuta ule mwaka mmoja wa 90,000. Jumla ya miaka ya dalili itakuwa upungufu wa 50,000. Mwalimu asimkemee, ampongeze. Amegundua kwamba miaka 10 ni michache, na kwamba hukumu inayobebwa na mwaka mmoja yafaa itamkwe kwa sauti ya chini.

Mfano kutoka njia ya misafara

Somo hili linaweza kuunganishwa vizuri na historia, maana Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kabla haijawa mji wa reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo mpaka Unyanyembe, na kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo za merikani na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16.

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, bei ya pembe katika soko la Unguja ilielekea kupanda miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa viwanda vya Ulaya na Marekani vilitaka pembe kwa ajili ya funguo za piano, vipini vya visu na mipira ya biliadi. Sasa waulize wanafunzi: mfanyabiashara wa Tabora aliyeuza pembe zake kwa dalili yoyote ile, kisha akapimwa miaka 10 baadaye, ataonekanaje? Karibu daima ataonekana amekosa. Je, ni dalili zote zilizokuwa mbovu? La. Ni mkondo wa bei uliokuwa ukipanda. Vivyo hivyo, soko likiwa linashuka, kila aliyeuza huonekana nabii, hata kama aliuza kwa kuota ndoto. Ndiyo sababu hatumpimi muuzaji kwa faida yake peke yake. Tunampima kwa kumweka kando ya mtu ambaye hakufanya lolote ila kungoja. Na huyo anayengoja naye ahesabiwe gharama zake, maana wafanyabiashara wengi walichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, na pembe zilizolala Tabora hazikulipa deni la pwani.

Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini. Hili ni swali zuri la majadiliano: habari za vita ni dalili ya kuuza pembe au ya kuzishika? Kundi moja litasema uza, kwa kuwa mali haina usalama. Kundi jingine litasema shika, kwa kuwa pembe mpya hazitafika kutoka magharibi na zilizopo zitapanda bei. Habari ni moja, dalili ni mbili. Wanafunzi watatambua kwamba dalili ambayo haikuandikwa kabla, ikasema wazi "nikiona hiki nitafanya hiki", inaweza kufasiriwa baadaye kwa namna yoyote.

Tena, dalili huzeeka. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Yule aliyezoea kukisia bei kwa kuhesabu wapagazi alibaki na elimu isiyo na kazi. Leo bei ya Dar es Salaam hufika kijijini kwa simu kabla lori halijawashwa.

Utaratibu wa kufundisha

Kwa mwalimu mwanafunzi tunapendekeza vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza zitengenezwe safu mbili za aliyeuza na aliyengoja. Katika kipindi cha pili litengenezwe jedwali la miaka 10, na wanafunzi wafanye kazi katika makundi ya watu watano. Zana ni chache: ubao, daftari, na kokoto au punje za mahindi za kuhesabia, moja ikisimama mahali pa shilingi 10,000.

Tahadhari ni moja nayo ni kubwa. Mifano ya bei itoke katika mazingira, lakini uamuzi wa nyumba ya mtoto usiletwe ubaoni kuhukumiwa. Mbuni mkulima wa mfano, mpe jina lisilokuwamo kijijini, mwache huyo ndiye akosolewe. Mtoto anayetaka kuyapima ya nyumbani kwao atayapima kimyakimya daftarini.

Sisi tulirudi katika shule ile juma lililofuata, tukaomba kipindi kimoja, tukaanza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba hesabu ya juma lililopita haikukamilika na kwamba sisi wakubwa hatukuiona. Tukawapa mkulima wa kubuni. Yule mvulana hakusema neno mpaka tulipofika kwenye safu ya aliyengoja. Ndipo aliponyoosha mkono, akauliza kama deni nalo linaingia. Tukamwambia linaingia. Akainama, akaandika.

Tunatumaini kwamba walimu wanafunzi watakaosoma makala haya watalichukua swali lake wanapokwenda kwenye mazoezi. Kabla ya kuandika FAIDA au HASARA, na waulize kila mara: badala ya kufanya nini, kwa gharama zipi, mpaka tarehe ipi, na katika miaka mingapi?